Tarehe 04/01 ni siku gani? Historia ya tarehe zetu mbele ya mashini

Ndugu msomaji, na wewe unayesomewa habari hizi na mtoto au jirani kwa simu, tuanze na tarehe moja ambayo kila Mkongomani anaifahamu: 04/01/1959. Sisi tunaisoma bila kufikiri mara mbili. Ni tarehe nne mwezi wa kwanza, siku wakaaji wa Léopoldville walipoinuka kudai uhuru, na hadi leo ni siku ya mapumziko kwa heshima ya mashujaa wa uhuru. Lakini mpe Mmarekani karatasi hiyohiyo. Yeye atasoma tarehe moja mwezi wa nne, kwa kuwa kwao mwezi unatangulia siku. Hakuna aliyedanganya. Karatasi ni moja, namba ni zilezile, ila siku zimekuwa mbili.

Sasa chukua 30/06/1960, siku ya uhuru wenyewe. Hapo hakuna wa kukosea, kwa sababu hakuna mwezi wa 30. Kuna tarehe zinazojilinda zenyewe na kuna zisizoweza kujilinda. Ukihesabu, kila mwezi una siku 12 za mwanzo ambazo namba yake inaweza kusomwa kama mwezi. Toa zile ambazo siku na mwezi ni sawa, kama 05/05, zinabaki siku 132 kwa mwaka. Zaidi ya theluthi moja ya mwaka inaweza kugeuzwa, na mashini isijue kama imegeuzwa.

Kwa mtu aliye nyumbani kwake, mwenye karatasi zake ndani ya sanduku, jambo hili ni la kuchekesha. Kwa jamaa iliyokimbia na kuacha sanduku, si la kuchekesha. Leo tunaandikishwa kwa simu na kompyuta: ili kupata jetoni ya chakula, laini ya simu, nafasi ya mtoto shuleni, au kutafuta ndugu waliopotea njiani. Karibu kila fomu inauliza tarehe ya kuzaliwa. Kijana aliyezaliwa 05/11/2008 akiandikwa 11/05/2008, kati ya siku hizo mbili kuna karibu miezi sita. Kwa miezi hiyo sita mashini itamwita mtu mzima, wakati sheria bado inamwita mtoto. Ndiyo maana inafaa tujue tarehe hizi zilitoka wapi na mashini ilijifunzaje kuzisoma.

Kalenda ilitengenezwa na watu

Kalenda tunayoitumia ina historia, na ndani yake kuna siku ambazo hazikuwepo. Kalenda ya Julius Caesar ilikuwa na mwaka mrefu kupita mwaka wa jua kwa dakika 11 hivi. Ni kidogo, lakini katika karne nyingi dakika hizo zikawa siku 10. Mwaka 1582 Papa Gregori wa 13 akaamuru zirukwe. Huko Roma watu walilala tarehe 4 mwezi wa 10, wakaamka tarehe 15. Uingereza haikufuata hadi 1752, na Urusi hadi 1918. Kwa hiyo tarehe 10 mwezi wa 10 mwaka 1582 ilikuwepo London, lakini Roma haikuwepo. Hata swali dogo kama "siku hii ipo?" linahitaji uulize kwanza: ipo wapi?

Papa huyo aliacha pia kanuni ya mwezi wa pili. Mwaka unaogawanyika kwa 4 una siku 29 katika mwezi wa pili. Lakini mwaka unaofunga karne lazima ugawanyike kwa 400. Kwa hiyo 2000 ulikuwa na tarehe 29, na 1900 haukuwa nayo. Programu ya hesabu iliyoitwa Lotus 1-2-3, iliyotoka 1983, iliikubali tarehe 29 mwezi wa pili 1900. Programu ya Excel ilipokuja nyuma yake, watengenezaji wake walilibakiza kosa hilo makusudi ili faili za zamani zisiharibike, na liko humo hadi leo. Kosa likishapokelewa mlangoni, kulitoa ndani ya nyumba ni kazi nyingine.

Sisi huku tuliletewa kalenda hiyo na Wabelgiji na wamisionari, tukaivalisha Kiswahili chetu. Kwenye pwani ya Tanzania na Kenya watu wanasema Jumatatu, neno lenye "tatu" ndani yake, kwa kuwa hesabu yao inaanzia Jumamosi. Sisi mashariki mwa Congo siku hiyo tunaiita siku ya kwanza, tunaendelea hadi siku ya posho, kisha siku ya Mungu. Na hapa kuna jambo la kufurahisha. Kanuni ya kimataifa ambayo mashini zinaifuata leo inahesabu kama sisi: Jumatatu ni namba 1. Ila tuna udhaifu mmoja. Miezi pia tunaiita kwa namba, mwezi wa tano, mwezi wa nane. Mtu akisema haraka "tano, nane" bila neno tarehe wala neno mwezi, anayeandika abakiwa na kubahatisha.

Saa mbili ya nani?

Inasimuliwa kwamba mwaka 1876 injinia wa Canada, Sandford Fleming, alikosa treni kule Ireland. Kitabu cha safari kilionyesha treni ya jioni, kumbe ilikuwa ya asubuhi. Herufi moja tu ilichapwa vibaya, naye akalala kituoni. Baadaye Fleming akawa mmoja wa watu waliopigania saa moja ya dunia nzima yenye hesabu ya masaa 24, ili asubuhi na jioni zisichanganywe tena. Mwezi wa 10 mwaka 1884 nchi 25 zilikutana Washington, na nyingi zikakubali kwamba hesabu ya dunia ianzie Greenwich, karibu na London. Kutoka Afrika kulikuwa na Liberia peke yake. Mwezi uliofuata, wakubwa wa Ulaya wakaketi Berlin, na kutoka huko Mfalme Leopold wa Pili akatoka na Congo mkononi. Ndani ya msimu mmoja, dunia iligawiwa saa na Afrika ikagawiwa mipaka.

Nchi yetu ni pana mno kwa saa moja. Kinshasa, Kongo Central, Bandundu ya zamani na Équateur ya zamani ziko mbele ya Greenwich kwa saa moja. Kivu, Ituri, Maniema, Tshopo, Kasai na Katanga ziko mbele kwa masaa mawili. Orodha kubwa ya saa za dunia ambayo simu na kompyuta zinaitumia, iliyoanzishwa na Arthur David Olson katika miaka ya 1980, ina majina mawili kwa nchi yetu: moja la Kinshasa na moja la Lubumbashi. Simu ya mkaaji wa Goma ikiwekwa kwenye saa ya Kinshasa, itachelewa saa nzima. Vuka mpaka uingie Gisenyi, saa haibadiliki. Vuka Bunagana au Kasindi uingie Uganda, au ziwa Tanganyika uingie Kigoma, unaruka saa moja mbele. Jamaa zilizotoka Rutshuru hadi Nakivale, au Uvira hadi Nyarugusu, zimevuka mpaka wa nchi na mpaka wa saa kwa safari moja.

Juu ya hayo, Kiswahili kina hesabu yake. Ikweta inapita Kivu Kaskazini, kati ya Butembo na Lubero. Kwetu jua linachomoza na kuzama karibu wakati uleule mwaka mzima, kwa hiyo wazee walianza kuhesabu masaa jua linapotoka. Saa moja ya asubuhi ni ile ambayo mashini inaandika 07:00. Ukisema "nitakuja saa mbili", jirani anajua ni 08:00. Lakini mgeni anayeandika kwa kompyuta anaweza kuandika 02:00, na mashini itaipokea bila kuuliza, kwa sababu 02:00 ni saa halali. Haijui kwamba saa nane za usiku hakuna zahanati iliyo wazi.

Mashini zinaanza kuandikiana

Kompyuta zilipoanza kutumiana barua, zilihitaji makubaliano ya kuandika wakati. Makubaliano ya 1982, yanayoitwa RFC 822, yaliruhusu mwaka wa tarakimu mbili. Yaliruhusu pia herufi za kijeshi za kutaja saa za sehemu mbalimbali, lakini yalizieleza kinyume: penye kuongeza waliandika kupunguza. Mwaka 1989 hati nyingine, RFC 1123, ikakiri kosa hilo na kushauri mwaka uandikwe kwa tarakimu nne. Waliotunga sheria walikuwa mabingwa, na bado walikosea upande wa kuhesabu.

Mwaka wa tarakimu mbili ni mtego hadi leo. Programu nyingi zinafuata desturi moja: 69 hadi 99 ni miaka ya 1900, na 00 hadi 68 ni miaka ya 2000. Koko wetu aliyezaliwa mwaka 1945, akiandikwa "45", anageuka kuwa mtu atakayezaliwa 2045.

Mwaka 1988 shirika la kimataifa la viwango, ISO, likatoa kanuni namba 8601: mwaka kwanza wenye tarakimu nne, kisha mwezi, kisha siku. Uhuru wetu unaandikwa 1960-06-30. Faida ni mbili. Mwaka ukiwa mbele, hakuna anayefikiria kugeuza mwezi na siku. Tena, ukipanga tarehe hizo kama maneno ya kamusi, zinajipanga zenyewe kuanzia ya zamani hadi ya karibuni. Mwaka 2002 ikatoka RFC 3339, inayochukua sehemu ya kanuni hiyo kwa ajili ya intaneti. Mkutano wa Goma wa saa mbili ya asubuhi unaandikwa 2025-06-05T08:00:00+02:00. Herufi T inatenga siku na saa, na ile +02:00 mwishoni inasema hii ni saa ya nani. Mahali pake ikiandikwa Z, ni saa ya Greenwich.

Leo programu ya simu inapotuma habari zako kwenye kompyuta kubwa iliyo mbali, inapitia mlango ambao mafundi wanauita API. Milango mingi imeandikiwa kupokea tarehe za namna hiyo tu. Ukiona simu imeandika kwamba tarehe si sahihi, usidhani umefukuzwa. Mara nyingi mlinzi wa mlango ameona umbo asilolijua.

Chekeche tatu

Mlinzi mzuri ana chekeche tatu. Ya kwanza inauliza umbo: je, maandishi yana mwaka, mwezi na siku mahali pake? Ya pili inauliza kama siku ipo: 2023-02-31 ina umbo zuri, lakini mwezi wa pili hauna tarehe 31. Ya tatu inauliza maana: mtu anaweza kuzaliwa siku hiyo? Kama siku haijafika bado, au kama mtoto ametangulia kuzaliwa kuliko mama yake, fomu inapaswa kusimama na kuuliza.

Lugha ya JavaScript, iliyotengenezwa 1995 na inayoendesha kurasa nyingi za intaneti, haina chekeche ya pili kwa wepesi. Ukiiomba itengeneze tarehe 31 mwezi wa pili 2023 kwa namba, haikatai. Inakupa tarehe 3 mwezi wa tatu, kimya kimya. Tena inahesabu miezi kuanzia sifuri: kwake mwezi wa kwanza ni 0. Fundi mzembe anasukuma watu mwezi mzima mbele.

Kosa lingine linatugusa sisi wa mashariki moja kwa moja. Programu nyingi zinachukua tarehe ya kuzaliwa kana kwamba ni saa: usiku wa manane wa siku hiyo, kwa saa ya mahali. Kisha zinaigeuza kuwa saa ya Greenwich kabla ya kuituma. Usiku wa manane wa tarehe 5 mwezi wa sita huko Goma, Greenwich bado ni tarehe 4, saa nne za usiku. Mpokeaji akitupa saa na kubakiza siku, mtoto wa tarehe 5 anakuwa wa tarehe 4. Na mtoto wa tarehe 1 mwezi wa kwanza anarudishwa hadi mwaka uliotangulia, tarehe 31 mwezi wa 12. Dawa yake ni rahisi: siku ya kuzaliwa ni siku, si saa. Ihifadhiwe kama siku, isigeuzwe kwa saa ya nchi yoyote.

Kuna pia tarehe inayojileta yenyewe. Kompyuta nyingi zinahesabu wakati kwa sekunde tangu tarehe 1 mwezi wa kwanza 1970. Nafasi ikibaki tupu na programu ikaigeuza kuwa sifuri, sifuri inasomwa kama 1970-01-01. Ukikuta mtoto mchanga wa jamaa yako ana tarehe hiyo, ujue hakuna aliyeichagua.

Alizaliwa mwaka wa volkano

Sheria ya Congo inataka mtoto aandikishwe ndani ya siku 90 tangu azaliwe. Siku hizo zikipita, inabidi kwenda mahakamani. Mama aliyejifungua akikimbia, kati ya kijiji kilichoungua na mahali asipojulikana na mtu, atahesabuje siku 90? Jamaa nyingi zinakumbuka kwa tukio: "alizaliwa mwaka wa volkano." Ni kumbukumbu ya kweli. Lakini Nyiragongo ililipuka 1977, ikalipuka 2002, ikalipuka tena 2021. Mwandikishaji mwema atauliza: ile iliyokata mji wa Goma katikati mwezi wa kwanza, au ile ya mwezi wa tano? Kazi hii ya kugeuza maneno kuwa tarehe inahitaji mtu anayejua mahali.

Mashini haiulizi hivyo. Ina nafasi tatu, siku, mwezi na mwaka, na haifungui mlango hadi zote zijazwe. Ndiyo sababu watu wengi waliopitia ukimbizi duniani, hata waliofika Marekani na Ulaya, wana siku moja ya kuzaliwa: tarehe 1 mwezi wa kwanza. Ndugu watano wa tumbo moja, wote siku hiyohiyo. Hawakudanganya. Fomu iliwalazimisha kusema kitu wasichokijua, kisha karatasi ikakishika kama ukweli. Baadaye mwingine akiwatazama anadhani ni wajanja.

Fomu hazilazimiki kuwa hivyo. Mwaka 2019 sehemu ya pili ya kanuni ya ISO 8601 ilikubali tarehe zisizokamilika: mtu anayejua mwaka tu anaweza kuandikwa 1994-XX-XX, na kuna alama za kuonyesha tarehe ya kukadiria. Kanuni ya FHIR, inayotumika kubadilishana habari za wagonjwa, nayo inapokea mwaka peke yake, au mwaka na mwezi. Ufundi upo. Kinachobaki ni mwenye fomu kukubali kwamba "sijui siku" ni jibu halali, na lina ukweli kuliko siku ya kubuni.

Kwa vijana wetu wa Goma, Bukavu, Bunia na Lubumbashi wanaojifunza kuandika programu: ombeni siku, mwezi na mwaka katika nafasi tatu zenye majina. Mrudishieni mtu tarehe yake kwa maneno kamili kabla ya kuihifadhi. Msikisie penye utata, ulizeni. Mkikataa, semeni kwa nini kwa lugha ambayo mama anaielewa: "mwezi wa nne hauna tarehe 31", si namba ya kosa peke yake.

Na kwako mzazi: taja tarehe yote, "tarehe tano, mwezi wa kumi na moja, mwaka elfu mbili na nane". Mwezi ukiandikwa kwa herufi, hata kwa Kifaransa, ni salama kuliko namba. Ukipewa siku ya kurudi, uliza kama saa mbili ni ya asubuhi, na kama ni saa ya hapa au ya Kinshasa. Kama hujui siku ya mtoto, sema hujui, kisha uombe iandikwe hivyo. Na jetoni ikitoka, isome au isomewe ukiwa bado mbele ya meza. Watoto wakiwa wengi, linganisha mmoja mmoja. Hapo mezani kosa linafutwa kwa dakika moja. Likishaingia kwenye kadi ya mtoto, litamfuata kutoka kambi hadi kambi, hadi kwenye mtihani wa serkali na mbele ya hakimu.